Familia ya Ruthu

Kagwiria alikuwa katika Familia ya Ruthu kwa muhula wa nne sasa, na hakuwahi kuona mtu akisaidiwa na kitu chochote pale isipokuwa chai. Chai yenyewe ilikuwa nzuri. Mwalimu Peris, aliyefundisha dini, ndiye aliyeigawa shule yao ya wasichana nje ya mji wa Nyeri katika vikundi vya watu tisa tisa mwaka wa 1994, kila kikundi na jina la Biblia, birika lake na "mama" wa kidato cha nne. Jumatano saa kumi mnakaa duara, mnafunua mioyo. Kagwiria alitoka Meru, kwa nyanya asiyependa porojo, na hakuwa amefunua kitu.

Mama wa familia yao alikuwa Anita. Alikuwa na sauti tamu, Biblia yenye zipu, na tumbo lisiloweza kuhifadhi neno la mtu. Si kwamba alisengenya. Mtu aliyeokoka hasengenyi. Aliomba. Ukimwambia Jumatano kwamba baba yako amehama nyumbani, Ijumaa utamsikia mbele ya wasichana mia tatu akimkumbusha Mungu habari za dada mmoja wa kidato cha pili, bweni la chini, kitanda cha karibu na mlango. Mungu wa Anita hakufika mahali bila kupewa anwani kamili.

Sasa, Jumatano moja ya Julai, baridi ikiwa imeshika mlima na mji, Murugi akasema. Alikuwa wa kidato cha kwanza, mtoto mwembamba wa Kutus aliyezoea joto. Alisema kwamba tangu aje huku hulowesha kitanda, na nyumbani hakuwahi. Wenzake wakamshika mikono. Kagwiria alitaka kumwambia anyamaze, lakini akanywa chai yake. Jambo hilo alilijutia baadaye kuliko yote.

Ijumaa Anita akafumba macho, akamsihi Baba wa mbinguni amkaushie kitanda mtoto wetu wa form one kutoka Kutus. Kufikia Jumamosi Murugi alikuwa anaitwa Sagana, jina la mto mkubwa wa huko. Wakati wa kula wasichana walimuuliza kama mvua imenyesha juu mlimani. Jumanne akafunga sanduku lake. Jumapili ilikuwa siku ya wazazi. Mama yake angekuja, na Murugi angeondoka naye akauze nyanya sokoni, asirudi tena shuleni.

Jumatano Anita alimimina chai kama kawaida.

"Tumwombee Murugi," alisema, "apate mwongozo kuhusu hii decision yake."

Kagwiria aliweka kikombe chini. Dharau yote ya mihula minne ikamtoka.

"Ukimwombea tena Ijumaa, Anita, na mimi nitaomba. Niko na prayer item yako. Ile ya zamani. Nitataja mpaka kitanda."

Alikuwa anabahatisha tu. Hakujua lolote juu ya Anita. Lakini Anita alimimina chai mezani badala ya kikombeni.

"Tuko watu tisa," Kagwiria aliendelea. "Jumapili asubuhi kila mtu alowanishe godoro yake, aianike hapo mbele ya bweni."

"Yetu yote?" mmoja aliuliza. "Na wazazi wanaona?"

"Ati hii ni familia ama ni chai?" Kagwiria alimrudishia.

Ijumaa hiyo Anita aliombea mvua na serikali.

Jumapili magodoro manane yalikuwa yamelala kwenye nyasi, yote yamelowa chapachapa, kando ya njia wanayopita wageni. Waliokuja kumcheka Sagana walitazama la kwanza, wakatazama la tano, wakakosa pa kuanzia. Murugi alisimama pembeni na sanduku lake. Mama yake alikuwa amefika na kikapu, akawa anauliza kama huku Nyeri kumekuwa na mafuriko.

La tisa halikuonekana. Kagwiria hakushangaa; alikuwa ameshapanga maneno ya kumwambia Anita.

Ndipo Anita akatokea akiliburuta godoro lake, lile alilokuja nalo kidato cha kwanza. Alikuwa amelimwagia maji machache tu ya beseni. Alilitandaza, kisha akaligeuza upande wa chini juu, mbele ya wazazi wote. Lilikuwa na madoa ya njano, ya zamani, duara juu ya duara, ambayo hakuna beseni lingeweza kuyaweka pale.

Kagwiria aliyatazama, akakumbuka alivyobahatisha. Kisha hasira ikamrudia mara mbili: huyu aliijua aibu hiyo ilivyo, na bado alitangaza. Alimdharau zaidi. Wakati huohuo alisogeza godoro lake ili la Anita lipate jua.

Murugi alikuwa ameliacha sanduku. Alisimama karibu na Anita, akiyaangalia yale madoa.

"Iliisha lini?" aliuliza.

"Form two, second term," Anita alisema bila kuinua macho. "Baada ya likizo."

Murugi alihesabu mihula kwa vidole, polepole. Akamrudia mama yake, akachukua kikapu, na kumwomba amsaidie kurudisha sanduku ndani.