Muhula Ukiisha, Nani Atakuja?

Bosibori alipochagua lile somo, kilichomvutia ni kwamba halikuwa na mtihani. Alikuwa mwaka wa tatu, akisomea afya ya jamii katika chuo kikuu kimoja cha Toronto. Somo lenyewe lilimtaka kila mwanafunzi aende kuhudumu mtaani muhula mzima, kisha mwishoni asimame mbele ya wenzake aeleze alichojifunza. Wengine walipelekwa shuleni, wengine kwenye jiko la kugawa chakula. Yeye alipangiwa kituo cha jamii cha Flemingdon Park, kwenye kikundi cha watu waliopoteza usemi baada ya kiharusi.

Aliishi Weston kwa shangazi yake, kwa hiyo kila Jumatano ya Januari ile alivuka karibu jiji zima, akishuka basi hili na kupanda lile, mpaka kwenye yale maghorofa yanayotazama bonde la Don. Kikundi kiliongozwa na Sahar, mtaalamu wa usemi, mwanamke mtulivu ambaye hakuwahi kumkatiza mtu. Siku ya kwanza alimwambia Bosibori jambo moja tu.

"Hawa akili zao ni nzima. Wanajua wanachotaka kusema, ila neno linakataa kutoka. Usiwasemeshe kama watoto."

Aliyemshinda Bosibori tangu mwanzo alikuwa Daulat, mama wa miaka sabini na kitu, aliyeletwa kila wiki na mjukuu wake Zara. Alikaa wima kitini, mtandio umefungwa vizuri, mkono wa kulia umelala mapajani kwa sababu haukuwa na nguvu tena. Bosibori alimwonyesha picha: kikombe, ufunguo, ndege. Akamtamkia majina yake kwa Kiingereza, akangoja. Daulat alifungua mdomo, akaufunga, kisha akageuza uso dirishani. Wiki ya pili ikawa vivyo hivyo. Wiki ya tatu hakuzitazama hata picha zenyewe.

"Salawati anazisema zote bila kukwama," Zara alimweleza Bosibori kwa Kiingereza wakati wa kuvaa makoti. Alikuwa na miaka kumi na saba, amechoka kama mtu mzima. "Lakini kunitaja jina langu hawezi."

Wiki iliyofuata, saa ya chai, Daulat alijaribu kuvuta kikombe kwa mkono wa kushoto. Kikapinduka, chai ikamwagikia.

"Uuwi! Moto! Moto, jamani!"

Bosibori alikuwa tayari ameinama na karatasi za kufutia. Alibaki hivyo hivyo, ameinama: kile kilikuwa Kiswahili. Kwa sura na kwa jina alikuwa amemhesabu Daulat kuwa mtu wa India au Pakistani, na hakuwahi kuuliza.

"Pole, mama," akasema. Kisha, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine, akaongeza, "Shikamoo."

Kwao Kisii watu hawakuamkiana hivyo. Lile neno alilijulia shuleni.

"Marahaba," Daulat akajibu.

Lilitoka lote, safi, bila kutafutwa. Wakatazamana. Daulat akajifunika mdomo kwa kiganja cha kushoto, kama mtu aliyesikia sauti chumba cha pili na kumbe ni yake.

Zara alipokuja kumchukua, mambo yalieleweka. Familia yao ilitoka Moshi. Bibi na marehemu mumewe walikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, na walihamia Canada watoto wao walipokuwa wakubwa. Nyumbani walizungumza Kikachi, lugha ya wazee wao wa India, na Kiingereza. Kiswahili, alisema Zara, kilikuwa lugha ya simu tu, ya kuongea na watu wa Tanzania, nayo simu siku hizi hazikupigwa tena kwa sababu bibi hakuweza kuongea.

"Wewe unakielewa?" Bosibori akamuuliza kwa Kiswahili.

Zara akajibu kwa Kiingereza kwamba anakielewa chote, ila mdomo wake haujakizoea.

Sahar hakushangaa sana. Alikwisha kuona watu ambao lugha moja iliharibika zaidi kuliko nyingine. "Tuanzie pale palipofunguka," alisema. "Mimi nitakuonyesha mazoezi, wewe utayafanya kwa Kiswahili. Lakini usimwahidi kitu usichoweza kumpa."

Wakaacha zile picha. Bosibori alianza kuja na vitu vya jikoni kwa shangazi yake, mwiko, kitunguu, chungio la chai, Daulat akavishika, akavinusa, akavitafutia majina. Mara nyingine jina lilikuja moja kwa moja. Mara nyingine lilikuja jirani yake: aliita mwiko "sufuria", akajua amekosea, akapiga meza kwa hasira. Siku moja alilia kwa sababu ya neno "chumvi", ambalo lilikuwa pale pale ulimini na likagoma kutoka mpaka wakaaga. Ila alikuwa hageuzi tena uso dirishani. Kufika Machi aliweza kusema "Nataka chai", na "Chai hii mbaya", na watu wa meza nzima, pamoja na wasiojua Kiswahili, walicheka kwa sababu uso wake ulitosha kuwaelewesha.

Mtoto wa Daulat, Hussain, babake Zara, alifika kituoni siku ambayo haikutarajiwa. Alitoka moja kwa moja kazini Downsview, na kitambulisho cha ofisi bado kikining'inia shingoni. Alimsalimu Bosibori kwa adabu, akamwomba watoke ukumbini.

"Dada, nakushukuru," alianza kwa Kiswahili cha Moshi. "Lakini mama yangu anaishi Toronto. Daktari wake haongei Kiswahili. Dereva wa basi haongei Kiswahili. Akianguka nyumbani peke yake, ataita nani kwa Kiswahili? Mimi nilimleta hapa apate Kiingereza chake."

"Baba Zara, hata mimi ningependa akipate. Kwa Kiingereza alikuwa hasemi kabisa."

"Kwa hiyo tumtie moyo kwa lugha isiyomsaidia?"

Bosibori alitaka kumwambia alichosoma, kwamba lugha moja ikiamka huweza kuivuta nyingine. Akakumbuka kwamba Sahar mwenyewe alisema huweza tu, hakusema lazima. "Sijui kama Kiingereza kitarudi," alisema. "Ila juzi alinieleza habari zako. Alisema, 'Hussain, maembe mabichi, tumbo.' Akacheka sana."

Hussain akatabasamu bila kupenda. "Nilikuwa na miaka sita. Nilikula maembe ya jirani mpaka nikapelekwa hospitali." Alishika kile kitambulisho, akakigeuzageuza. "Amekwambia hayo? Tangu augue, mimi hajaniambia kitu."

"Unamsemesha kwa lugha gani?"

Hussain alirudi ukumbini, akavuta kiti, akakaa mbele ya mama yake. Kutoka mlangoni Bosibori alimsikia akisema, "Mama, habari za leo?" kwa sauti ya mtu anayejaribu barafu kwa mguu mmoja kabla ya kukanyaga.

Siku za kuhitimisha somo zilipokaribia, mhadhiri wao, Profesa Jalaludin, alisoma taarifa ya Bosibori, akamwita ofisini. Alifurahi kweli. Alitaka Bosibori awe wa kwanza kuzungumza, na akamshauri amrekodi Daulat kwa video akitaja vitu, ili wageni wa chuo waone matunda ya kazi ya wanafunzi. Hussain alipoombwa ruhusa, alikubali hapo hapo. Bosibori akamwendea Daulat na simu mkononi, akamweleza.

Daulat alisikiliza mpaka mwisho. "Hapana," alisema.

"Ni dakika chache tu, mama."

"Mimi... siyo..." Alitafuta neno, Bosibori akangoja kama alivyofundishwa. "Siyo sinema." Kisha akamwelekezea kidole. "Wewe. Mwisho lini?"

"Muhula? Wiki ya kwanza ya Aprili."

"Halafu?"

Bosibori akafungua mdomo. Mara hii yeye ndiye aliyekosa neno.

"Yule... wa rangi," Daulat aliendelea, akichora hewani kwa mkono wa kushoto. "Maua. Alisema... nitarudi. Alisema." Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimchoma Bosibori zaidi.

Sahar alimthibitishia. Mwaka uliopita alikuja mwanafunzi wa chuo kingine, msichana mzuri, akawafundisha kuchora maua. Aliondoka na picha zao kwa ajili ya maonyesho. Daulat alikuwa akimtazamia mlangoni mpaka majira ya joto. "Kila Januari napokea mwanafunzi," Sahar alisema. "Kila Aprili naaga. Nimezoea. Wao hawajazoea."

Kwenye basi la kurudi Weston, Bosibori hakusikiliza muziki. Alijua hawezi kubaki. Majira ya joto alikuwa amepata kazi katika nyumba ya wazee, na zamu zake ziliangukia Jumatano zote. Kumwambia Daulat "nitarudi" kungekuwa kumchorea maua mengine.

Siku ya kuzungumza alisimama mbele ya wenzake na wageni bila video. Alisimulia habari za chai iliyomwagika, akaeleza walivyofanya kazi. Watu wakatabasamu. Kisha akasema, "Mama huyu aliniuliza swali, nami sikuweza kulijibu. Aliniuliza, 'Halafu?' Nimekuja kuliuliza hapa, kwa sababu muhula hakuupanga yeye, wala sikuupanga mimi. Umepangwa hapa chuoni."

Mwanafunzi mmoja akasema kusaidia kidogo ni bora kuliko kutosaidia. Mwingine akasema wao ni wanafunzi tu, si waajiriwa. Bosibori alikubali yote mawili. "Lakini anayeondoka angeweza kumpeleka anayekuja," alisema. "Wakae pamoja wiki kadhaa. Na kabla hatujatuma mtu, tuwaulize wa kule wanataka nani."

Profesa Jalaludin hakusema kitu mbele ya wageni, na Bosibori alirudi kitini akidhani amejiharibia. Jumatano iliyofuata alipofika kituoni, alimkuta profesa amekaa kwenye meza ya chai, koti bado mwilini, akimsikiliza Daulat huku Zara akimtafsiria. Hakumaliza mambo yote siku hiyo. Aliahidi jambo moja, kwamba kuanzia Septemba wanafunzi wawili watapokezana, wa zamani akiwa bado yupo wa mpya anapoingia, na kwamba Sahar na wanakikundi ndio watakaomchagua mpya. Ilibidi apambane na ofisi ya ratiba ili kupata hata hilo.

Kwa miezi ya katikati, jibu lilitoka pale pale mtaani. Zara alikuwa na jirani wa ghorofa ya chini, Pulchérie, mama wa Bukavu aliyestaafu kazi ya usafi hospitalini na aliyekuwa akisema Kiswahili na wanawe tu. Zara alimgongea mlango mwenyewe. Pulchérie alikuja Jumatano ya kwanza na maandazi, akambusu Daulat mashavu yote mawili, akamwambia, "Maman, mimi niko jirani yako miaka yote hii na tunaonana kwenye lifti tunasema helo tu, kama wageni!" Kufika Juni wasemaji wa Kiswahili walikuwa na meza yao. Wakaja Wakenya wawili wa kanisa la jirani, na Hussain kila alipopata ruhusa kazini.

Bosibori alibadilishana zamu mara moja mwezi Julai, akaenda. Alimwona Daulat kabla hajaonwa. Kiingereza kilikuwa kimerudi kidogo tu, maneno machache ya daktari na ya basi. Mkono wa kulia ulikuwa bado umelala. Ila alikuwa akizungumza, akikwama, akiendelea.

Zara alileta bilauri. Alivuta pumzi kama anayetaka kuruka, akamwambia bibi yake, ambaye nyumbani walimwita Dadi, "Dadi, maji yako iko hapa."

Ilikuwa mara ya kwanza Bosibori kumsikia akisema Kiswahili.

"Yako," Daulat akasema.

"Ndiyo, Dadi. Yako."

"Yako yako."

Zara akamtazama Bosibori kwa wasiwasi. Bibi alikuwa na siku zake za kunasa kwenye neno moja na kulirudia bila kutoka. Bosibori akasogea, akitafuta njia ya kumsaidia. Daulat akainua mkono wa kushoto kumzuia.

"Maji yako," alisema polepole, akimtazama mjukuu wake, "yako... hapa. Siyo iko."

Pulchérie akapiga kofi mezani kwa kicheko. "Bukavu tunasema iko, na maji tunayakunywa vizuri!" Bosibori, ambaye naye angesema "iko", alikaa kimya kabisa. Zara alikuwa amefunika uso, mabega yakimtikisika, na alipoondoa mikono alikuwa akicheka.

"Maji yako yako hapa," akasema, kwa uangalifu, neno baada ya neno.

"Haya," Daulat akamwambia. "Sasa lete. Kiu."