Punje Sita za Tasbihi

"Mama Hesabu, leo zimefika ngapi?"

Ndivyo fundi cherehani wa nyumba ya pili alivyouliza asubuhi moja, wiki tano zilizopita, na mjane mwenye jina hilo akamjibu ukweli alioujua: "Sita." Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umehamishia magodoro kiwanjani.

Jina walimpa kwa utani, ila hesabu yenyewe haikuwa utani. Mtu wa matetemeko ya ardhi, aliyefunga mashine yake ya kuyapima katika stoo ya mjane, ndiye aliyemfundisha. Chini kabisa, alisema, kuna bamba la mwamba linalozama chini ya nchi hii tunayoikalia. Likikatika huko, kishindo hutangulia, kisha yumbo, ardhi ikiyumba, hufuata. Nafasi kati ya hivyo viwili ikiwa ndefu, ni mbali. Ikipungua, basi ni gamba la juu linalopasuka, hapa hapa miguuni, na hilo halina huruma na kuta. Mashine ilipoharibika ikapelekwa kutengenezwa, mjane akabaki na tasbihi yake. Yule bwana alimpima kwa saa: kila punje jina la Mungu, kila jina sekunde moja. Mumewe alipokuwa hai zilikuwa tisa. Baada ya mazishi zikawa nane, saba, sita.

Sasa mashine ilikuwa imerudi, na mwenye mashine amekalia ndoo iliyofudikizwa, karatasi magotini.

"Mama, tetemeko la jana alasiri umeliandika ngapi?"

"Sita."

"Mashine imeandika tisa." Akavua saa ya mkononi. "Hebu nihesabie, kama siku zote."

Akahesabu. Punje sita, sekunde tisa. Mjane akavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Ardhi haikuwa imesogea. Ni yeye aliyechoka, kila jina likimtoka polepole zaidi, naye hana habari.

"Nitawaambia mashine ilikosea."

"Mashine haikuwepo, mwanangu. Mdomo uliowatoa ndani ni huu wangu."

Akamwita fundi cherehani. Alikuja na mtoto mgongoni, mtoto anakohoa. Mjane akamweleza yote, wima, bila kupunguza.

"Wiki tano," fundi akasema taratibu. "Mvua yote ile. Cherehani imeota kutu, mtoto kifua kinakoroma. Kwa sababu umechoka?"

"Kwa sababu sikujua nimechoka."

"Nani hajachoka, mama? Mimi nikichoka nashona upande, nafumua. Hizi wiki nazifumuaje?"

Mjane akaiweka tasbihi mezani. Sakafu ikagonga, vikombe vikalia kabatini. Kwa mazoea fundi akauangalia mkono wa mjane, lakini tasbihi ilikuwa mezani. Wakangoja wote watatu mpaka yumbo likaja, likapita.

"Tisa," akasema mwenye saa.

Fundi akakaza mbeleko, akatoka, akashika njia ya kiwanjani, kuyarudisha magodoro nyumbani.