Namba Kumi na Saba

Kaka alianza kwa ajili ya baba. Baba anafundisha hesabu, na kila muhula wanafunzi wawili watatu wanapotea kimyakimya, akija kushtuka wameshaenda. Basi kaka akatengeneza plagini, kijiprogramu cha kuchomeka kwenye mfumo wa masomo ya mtandaoni tunaoutumia shuleni. Kazi yake ni moja tu: mwanafunzi akianza kulegalega, kwa mwalimu jina lake linageuka jekundu.

Mfumo wenyewe ni wa bure, wa watu wote, ila plagini yako haiingii kwenye orodha mpaka wakaguzi waipitishe. Wakamrudishia. Akarekebisha, wakamrudishia tena: weka na data za mfano, tuone inavyofanya kazi. Kaka akachukua faili ambalo baba alimpa la darasa letu, akafuta majina, akaweka namba. Safu ya maoni ya mwalimu hakuigusa.

"Nani atajua ni nani?" akaniambia.

Ikapita. Niliruka juu ya kitanda mpaka mama akauliza kama nimepandwa na mashetani. Na ni mimi, kwa vidole vyangu hivi, niliyetuma kiungo kwenye kundi la darasa. Kaka yangu jamani, dunia nzima inatumia kazi yake.

Saa nzima haikuisha. Domo, yule wa dawati la nyuma, akafungua mafaili yaliyokuja na plagini, akapiga picha mstari mmoja, akairusha kundini. Namba 17, maoni ya mwalimu: Alama zimeshuka. Ni mjamzito, kaniambia mimi tu, nyumbani hawajui, nimeahidi kunyamaza.

Darasa letu lina wasichana tisa. Hawakuhangaika sana kumjua.

Kaka akafuta kila kitu. Lakini ilikuwa imeshapakuliwa mara mia mbili na kitu, na kila aliyepakua ana nakala yake. Unafuta nini hapo?

Mkuu wa shule alimwita baba, baba hakujitetea. Jioni akaenda nyumbani kwa yule msichana, mlango haukufunguliwa. Akarudi akakaa na viatu vyake miguuni. Kaka akamwomba msamaha.

"Yeye aliniamini mimi," baba akasema. "Na mimi nikakuamini wewe."

Leo siku ya nne msichana haji shule. Baba kafungua kompyuta aingize alama, mimi niko nyuma yake. Plagini inafanya kazi sawasawa. Jina moja limekuwa jekundu, na chini yake maneno aliyoyaandika kaka mwenyewe: Mwanafunzi huyu anaweza kuacha shule. Zungumza naye mapema.