Bahasha ya Tarishi

"Sema tu mwizi, shoga, usinizungukezunguke!"

"Sijasema mwizi. Nimesema nilikupa mkononi, na mkononi mwako ndimo ilimopotelea."

"Si neno lilelile, umelipaka mafuta tu!"

Ua mzima ulikuwa nje. Waliokuwa wakifua waliacha. Waliokuwa ndani walikumbuka ghafla kwamba wana nguo za kuanua. Upande huu wa karo la kufulia alisimama mjane wa Tarishi, upande ule fundi cherehani, wanawake waliokopeshana chumvi na siri miaka nenda miaka rudi.

Nyuma ya pazia la chumba cha katikati, kinyozi alikuwa ameketi kitandani, vidole vimemgeuka buluu.

Kinyozi huyu walimwita Stempu. Wenzake walikusanya watoto. Yeye alikusanya bahasha za zamani za ndege, zile zenye mistari myekundu na ya buluu ukingoni, na sharti ziwe na pikipiki, iwe kwenye stempu au kwenye muhuri. Aliyemwambukiza ugonjwa huo ni marehemu Tarishi, mpeleka barua kwa pikipiki ya posta. Akiokota bahasha iliyotupwa, alimletea kibandani: "Mdogo wangu, chakula chako hiki."

Bahasha iliyopotea ilikuwa na kisa chake. Tarishi alipokwenda ng'ambo kwa mafunzo alimwandikia mchumba wake, ndiye huyu mjane, kisha akarudi kabla ya barua. Ilipofika aliitoa mwenyewe mfukoni mwa posta, akapanda pikipiki, akampelekea, tena akamtaka atie sahihi! Mtaa ulicheka ukachoka. Barua yenyewe iliishia kwa mchwa. Ilibaki bahasha, na jina la bibi huyu kwa wino wa buluu, herufi ya kwanza imevutwa mkia mrefu kama moshi wa pikipiki.

Asubuhi hiyo mjane alimpelekea fundi amshonee mfuko wa kitambaa wa kuihifadhi. Fundi alipoingia ndani kutafuta uzi, Stempu akapita. Akaiona stempu: mpanda pikipiki ameinama, begi mgongoni. Ndiyo iliyokuwa pengo la albamu yake. Akaichukua bahasha, akijiambia anaazima tu. Alikuwa na nyingine ya kufanana nayo, iliyochanika pembe. Angeibandika hiyo na kuirudisha bahasha kabla chai haijapoa. Nani angejua? Akachemsha maji, akaishikilia bahasha juu ya mvuke ili gundi ilegee, kama alivyozoea. Sijui ni pupa, sijui ni roho kumsuta, bahasha ikamponyoka, ikatumbukia sufuriani, akaiopoa kwa vidole.

Stempu ilitoka nzima. Jina nalo likatoka, likiyeyuka mbele ya macho yake, mkia kwanza.

"Kuanzia leo," sauti ya mjane ilisikika uani, "usiniite shoga. Na mlango wangu usiujue."

Hapo Stempu akainuka. Akatoka na bahasha juu ya sahani, ingali majimaji. Ulimi ulikwishaandaa uongo wa kuusingizia upepo, lakini akayaona macho ya fundi, mekundu.

"Shemeji, fundi hana kosa. Ni mimi."

Akasema yote, mpaka ile stempu ya kuchanika. Mtu mmoja nyuma akaguna, "Makubwa!" akanyamazishwa.

Mjane aliiinua bahasha kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba pale jina lilipokuwa.

"Alikuwa akikuita mdogo wangu."

"Ndiyo, shemeji."

"Hiyo stempu ungeniomba ningekupa. Mimi nilikuwa natunza jina tu."

Stempu alitamani atukanwe. Hakutukanwa.

"Na mimi je?" fundi akadakia. "Umenivua nguo mbele za watu!"

"Nimekukosea, shoga."

"Tena sana. Nitanuna mpaka jioni."

"Nuna ukiwa umeshiba. Chakula kinapoa, pita ndani."

Fundi akapita, kanuna kweli. Watu wakaanza kutawanyika shingo upande. Stempu naye akageuka aende zake, lakini mjane akaingia ndani, akarudi na jagi la maji na sabuni.

"Lete mikono."

Akammiminia. Stempu akasugua, akasugua tena, povu likawa la buluu, vidole vikabaki vilevile.

"Haitoki, shemeji."

"Naiona."

Akaendelea kumimina mpaka jagi likaisha.

"Basi," alisema, akimfunulia pazia la mlango wake. "Ingia ule."