Masikio ya Mpiga Mizinga

Mimi nikitaka kujua kitu, situlii mpaka nikijue. Ndiyo maana karani wa bima pale kambini alinibandika jina la Mama Maswali. Hakuniambia usoni. Nilimsikia akimnong'oneza mwenzake wa dirisha la pili, "Huyo Mama Maswali karudi tena," nami nikajifanya hamnazo, nikavuta kiti nikakaa.

Nilikuwa na haki ya kuuliza. Mume wangu ni sajini wa mizinga, na mwisho wa mwezi ule alikuwa anastaafu. Miaka yote tumetibiwa kwa bima ya jeshi. Mapacha wetu walizaliwa kwa bima hiyo, na jino langu korofi liling'olewa kwa bima hiyohiyo. Sasa nilitaka kujua tunabaki na nini. Je, mke wa mstaafu anaendelea kutibiwa? Anaendelea. Na mapacha? Mpaka wamalize masomo. Na nikitangulia mimi, yeye akaoa mwingine, huyo mwingine naye atapewa kadi?

Karani alivua miwani. "Mama, kwani unapanga kwenda wapi?"

"Siendi popote. Nauliza tu."

Lakini swali lililonipeleka pale lilikuwa la masikio. Mume wangu hasikii vizuri, mizinga imemmaliza. Sufuria itachemka imwagike, na yeye kakaa hapohapo anasoma gazeti. Mapacha wamezoea kumgusa bega kwanza ndipo waongee naye. Jirani yetu humsalimia kwa nyuma, asipojibiwa anasema sajini ana maringo.

"Hilo lipo," karani akasema. "Ulemavu uliotokana na kazi bima inaubeba maisha yake yote. Vifaa vya kusaidia kusikia, betri, matengenezo, kila kitu. Ila lazima athibitishwe akiwa bado kazini. Akishavua magwanda, bima itasema masikio yameharibikia nyumbani."

"Nyumbani kwangu hakuna mzinga."

"Mimi nakuamini, mama. Bima ndiyo haiamini."

Basi mume wangu akaenda kupimwa. Alirudi kifua mbele, akanipa majibu: masikio mazima, hayana kasoro. 

"Baba Mapacha, umewaambia nini hao watu?"

"Sijawaambia kitu. Wamepima wenyewe. Wewe umekuwa daktari lini?"

Hasira zilinipanda, lakini udadisi ulizishinda. Mtu asiyesikia anafauluje kipimo cha kusikia? Jioni alipokuwa akimenya vitunguu nilisimama nyuma yake, nikamwita. Hakugeuka. Nikamtukana kidogo, matusi ya mke kwa mume, si makubwa. Akaendelea na vitunguu vyake, tena kwa amani kabisa.

Kesho yake nilikuwa kwa karani kabla hajafungua dirisha vizuri. Akaniambia inaruhusiwa kurudia kipimo mara moja tu, na bodi ya madaktari inayothibitisha ulemavu ilikuwa inakaa wiki ileile. Safari hii nilimwomba mpima masikio, dada mmoja mpole, aniruhusu kukaa karibu naye.

Chumba kilikuwa kidogo, na ndani yake mna kibanda chenye dirisha la kioo. Mume wangu akaingizwa humo, akavishwa hedifoni, akashikishwa kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza. Kila akibonyeza, taa inawaka mezani kwetu. Mpima masikio akaanza na mlio mdogo sana. Taa ikawaka. Akaupunguza zaidi. Taa ikawaka.

"Mama," akaniambia, "huu hata mimi siusikii."

Nikamkodolea macho mume wangu. Yeye hakuniangalia mimi. Alikuwa ametulia tuli, macho yake yameganda kwenye kiwiko cha yule dada. Kila mara dada alipotuma mlio, kiwiko kilicheza kidogo, na kidole cha mume wangu kikabonyeza.

"Dada," nikanong'ona, "hebu sogeza mkono bila kutuma kitu."

Akasogeza. Taa ikawaka.

Mpima masikio alicheka mpaka akashika meza. Mimi nikafungua mlango wa kibanda, nikasimama mbele ya mume wangu ili auone mdomo wangu.

"Unapiga chenga kipimo!"

Aliona haya, akainamisha kichwa. "Kila mwaka tulikuwa tunapimwa," akasema. "Ukifeli unaondolewa kwenye mzinga, unapelekwa stoo kuhesabu mablanketi. Kwa hiyo tulifundishana. Mkubwa wangu alinifundisha, na mimi nimewafundisha vijana wangu."

"Lakini leo unatakiwa ufeli, Baba Mapacha!"

"Najua. Nimeingia humu nikijiambia, leo nafeli. Nimeona kile kiwiko, kidole kikabonyeza chenyewe."

Tukamgeuzia kiti, akatazama ukuta. Mpima masikio alinipa hedifoni nyingine ili nisikie kile anachotumiwa. Nilifurahi, maana nilitaka sana kujua milio yenyewe ikoje. Ilikuwa kama filimbi ndogo za watoto. Wa kwanza mdogo, taa haikuwaka. Akaupandisha, haikuwaka. Mgongo wa mume wangu ulikuwa umenyooka, kidole juu ya kitufe, anasubiri.

"Hapa tumefika wapi?" nikauliza.

"Hapa ni mtu akiongea kwa sauti ya chini."

Akapandisha tena. "Na hapa?" nikauliza.

"Hapa ni mtu akiongea kawaida, mezani tuseme."

Taa haikuwaka.  Miaka yote nimekaa naye mezani nikimsimulia mambo yangu, naye akiitikia, akitikisa kichwa, akicheka panapochekesha. Nilijua hasikii vizuri. Nilidhani angalau pale mezani mimi ananisikia.

"Na mtoto akicheka chumba cha pili," nikauliza, "hiyo iko wapi?"

Yule dada alitazama namba za mashine yake. "Tumeshaipita, mama."

Akaendelea kupandisha. Mlio ukawa unaniumiza, nikaivuta hedifoni pembeni, na bado nikausikia mkononi mwangu. Taa haikuwaka. Mume wangu akajikohoza kidogo, akasema kwa adabu, bila kugeuka:

"Dada, mbona hamuanzi?"

Mpima masikio aliniangalia, kisha akazima mashine. Nikaingia kibandani, nikachuchumaa kati ya magoti yake na ukuta, mahali anapouona mdomo wangu.

"Tumemaliza," nikamwambia.

Alinitazama kwa wasiwasi. "Nimefeli?"

"Umefeli, Baba Mapacha. Umefeli vizuri sana."

Akacheka kwa furaha, akanipiga begani kama askari mwenzake. Nami nilitaka kucheka naye, nikashindwa.