Ufunguo kwenye Pindo la Kitenge

Mwalimu Sostenes alikuwa amebembeleza wiki tatu, na sasa uvumilivu ulikuwa umemwishia. Vishikwambi sita vya shule yao, nje kidogo ya Nduguti, vilifungiwa kabatini tangu siku ya mafunzo ya kuvitumia, na ufunguo ulifungwa kwenye pindo la kitenge cha Mwalimu Selina, mwalimu wa taaluma. Leo saa nne afisa elimu kata anakuja, na alishasema: visivyotumika vinahamia shule nyingine.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba ufunguo."

"Marahaba. Mali ya serikali ile. Vikiharibika?"

"Vitaharibikaje humo kabatini? Mende wanavijua kuliko sisi!"

Walimu wengine ofisini wakacheka. Selina hakucheka. Aliendelea kuandika andalio la somo kwa mkono, kama alivyofanya miaka ishirini na minane.

"Watoto hawajawahi kuona moyo ukidunda," Sostenes akapandisha sauti. "Unawachorea kiazi ubaoni, unakiita moyo!"

"Na wanafaulu kwa kiazi hichohicho." Akaweka kalamu chini. "Siku ya mafunzo nilipangusa kioo cha kishikwambi kwa kifutio cha ubao, kikajaa chaki. Ulisemaje, baba?"

Sostenes alikumbuka vizuri. Alisema, mbele ya wote, huyu mama apelekwe makumbusho. Mwalimu Calist alicheka mpaka akamwaga chai. Na Sostenes mwenyewe akajisifia utani ule siku nzima.

Nje, pikipiki ya afisa ikazimwa.

"Samahani, mwalimu," akanong'ona.

"Sijasikia. Siku ile ulisema kwa sauti."

Akapaza sauti. "Nisamehe, Mwalimu Selina! Nilikukosea mbele za watu!"

Selina akafungua pindo taratibu, taratibu ya kumuudhi mtu.

Darasa la tano, moyo ukadunda kwenye kioo cha kishikwambi. Watoto wakapanda juu ya madawati. Afisa akasimama mlangoni na daftari lake. Vidole vya Selina vilikuwa na chaki, kioo kikachafuka, mkono ukaenda wenyewe kwenye kifutio.

Sostenes akafungua mdomo. Akaufunga.

Selina akakitazama kifutio, akakirudisha, akapangusa kioo kwa pindo la kitenge.

"Hivi vibaki hapa," afisa akasema, akiandika.

"Mwalimu Sostenes," Selina akaita bila kugeuka, "kaa chini. Unawaziba wa nyuma."