Mtambazi wa Rappenfels

Jana yake jioni Fridolin Haag alikuwa amefanya udanganyifu, na asubuhi hiyo alipanda mlima roho juu kama mwanafunzi aliyeiba majibu. Katika magofu ya ngome ya Rappenfels, juu ya ufa wa ukuta wa kaskazini, kulikuwa na kipande cha kioo kilichobandikwa kwa plasta upande huu na upande ule. Kazi ya kioo kile ni moja tu: ukuta ukisogea hata kidogo, kinavunjika. Kilikuwa kimevunjika tangu Agosti. Fridolin alikibandua, akabandika kizima, akapangusa vumbi, kisha akashuka zake kwenda kunywa supu.

Usimhukumu haraka. Yeye na mkewe Solange walikuwa walinzi wa Rappenfels tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Si walinzi wa mshahara. Huku kwetu mpakani kila gofu lina mtu wake, anayefyeka nyasi, anayeokota chupa za bia, anayewakemea vijana wanaoparamia kuta, na hakuna aliyemtuma. Jumamosi za wengine zilikuwa za mpira na za kuwatembelea wakwe. Zao zilikuwa za panga na toroli. Mtoto hawakujaliwa. Walijaliwa Rappenfels.

Na sasa Solange alikuwa anakufa. Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari, asiyejua kuzungusha maneno, alikwisha sema kwamba Krismasi ni mbali. Mama yule alitaka jambo moja tu. Jumapili iliyokuwa ikija, siku ambayo ngome zote za mpakani hufunguliwa kwa wageni, apandishwe mlimani akae chini ya dirisha lake azungumze na watu. Meya alikubali kutoa trekta la msituni limbebe, ila kwanza mhandisi wa kutoka mjini aukague ukuta na aridhike.

Dirisha lilikuwa lake kweli. Zamani ukuta wote wa kaskazini ulikuwa umefunikwa na mtambazi, ule mmea wa kijani usiojali theluji, unaopanda juu ya mawe mpaka mawe yenyewe yasionekane. Shina lake lilikuwa nene kama paja la mwanamume. Siku moja Solange alipenyeza mkono kwenye majani, vidole vyake vikagusa ua la jiwe.

"Fridolin, kuna kitu humu. Kata."

"Mtambazi huu umekuwepo hapa kabla ya babu zetu," Fridolin alisema. Aliogopa, na hakujua anaogopa nini.

"Basi umekaa vya kutosha."

Alipoona mumewe anasitasita, Solange alichukua msumeno akaanza mwenyewe. Majani yalichukua muda kukauka na kuanguka, na yalipoanguka likatokea dirisha refu jembamba, lenye mawaridi matatu ya jiwe kwenye kilele chake. Ukisimama hapo uliona mgongo wote wa milima, misonobari na majabali mekundu, na ng'ambo ya mpaka ngome ya Krähenstein, ile ya Wajerumani, yenye ngazi za chuma na mkahawa wake. Kila mgeni aliyefika, Solange alimsimamisha pale na kumwambia, "Mume wangu huyu aliogopa! Mimi nikamwambia, kata!" Wageni wakacheka. Fridolin naye akacheka, kila mara, kama vile hajawahi kusikia.

Asubuhi ile langoni alikuta wageni wawili, mume na mke kutoka ng'ambo, wameketi juu ya jiwe wanakula soseji.

"Mzee, unafungua saa ngapi?" mwanamume aliuliza. "Tumeshamaliza ngome mbili, bado yako na ile ya bondeni."

"Subirini kidogo, kuna ukaguzi."

"Kule kwetu hatusubirishwi."

"Kule kwenu mnalipia hata choo," Fridolin alisema, na mke wa yule bwana nusura apaliwe na soseji.

Meya, Roland Uhrig, alifika akihema, nyuma yake mhandisi, Delphine Mazurier, mwanamke kijana mwenye kofia ngumu na kinyundo kidogo mkononi. Fridolin aliwaongoza hadi ukuta wa kaskazini huku akisema mengi kuliko kawaida yake. Delphine alikwenda moja kwa moja kwenye kioo.

"Hiki kimebandikwa lini?"

"Siku nyingi."

Delphine aliigusa plasta kwa ukucha. Ukucha ukaacha alama. "Siku nyingi gani hizi, mzee? Mbona plasta bado mbichi?"

Meya alitazama viatu vyake. Fridolin aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na Delphine, kwa kweli, akamwachia hapo. Alianza kugonga ukuta kwa kinyundo, akitega sikio kila mahali, na kila mahali ukuta ulijibu kitu kilekile, kama mtungi usio na maji. Akaingiza vidole katikati ya mawe mawili akavuta. Ukatoka mzizi mkavu, mrefu, na kabla haujafika wote nje ukavunjikavunjika kuwa vumbi kiganjani mwake.

"Mtambazi huu nani aliukata?"

"Sisi," alisema Fridolin. "Tulitaka watu waone dirisha."

Delphine alikung'uta vumbi kiganjani polepole, kama mtu anayetafuta njia ya kupita pasipo kukanyaga kitu. "Chokaa ya humu ilikwisha zamani sana, mzee. Mizizi ndiyo iliyochukua nafasi yake. Ndiyo iliyokuwa inashika mawe. Mlipokata shina, mizizi ikafa, ikaoza, na sasa humo ndani mna vumbi na maji tu. Maji yakiganda wakati wa baridi yanasukuma. Ukuta huu hauna tena kinachoushika."

"Basi tuweke mihimili. Mbao nitatoa mimi."

"Nani atasimama hapa aiweke? Siwezi kumleta fundi chini ya kitu hiki. Hata kutoboa tundu moja kunaweza kuuangusha."

"Jumapili moja tu, binti yangu. Nusu saa. Mke wangu..."

"Najua. Meya alinieleza njia nzima. Nilikuja hapa nikitaka kusema ndiyo."

"Basi akae langoni! Aone kwa mbali."

Delphine alitikisa kichwa na kuonyesha kwa mkono. Ukuta ulikuwa umelalia nje, upande wa lango na njia ya trekta. Siku utakapoanguka, ungeangukia hapo hapo. Njia nzima ingefungwa, tangu kwenye maegesho ya magari kule chini, na kwa ukuta wenyewe hapakuwa na la kufanya ila kuungoja.

Fridolin alimgeukia meya. "Roland, baiskeli nilikufundisha mimi. Magoti yako niliyapaka dawa mimi."

"Mzee Fridolin, usinifanyie hivyo. Ukuta ukimwangukia mtu, mimi ndiye nitakayelala ndani. Na ukimwangukia Solange je?"

"Solange anakufa!"

"Na anayemsukuma kwenye kiti? Na dereva wa trekta?"

Kwa miaka yote Fridolin alikuwa akiwabembeleza watu wapande Rappenfels, akiwaahidi keki ya plamu na mandhari ambayo hata Krähenstein hawana. Sasa alishika mwenyewe mkanda mwekundu na mweupe wa kuzuia watu, akaufunga kwenye lango, upande wa nje.

"Haya ni mambo gani?" alilalamika yule bwana wa soseji. "Tumetembea tangu alfajiri! Picha moja tu, mzee, dakika moja!"

"Twende, Ulf," mkewe alisema. Alikuwa amemtazama Fridolin usoni. "Nimesema twende."

Fridolin alishuka peke yake, polepole. Habari za Jumapili asingeweza kuzificha, hilo lilikuwa wazi. Habari za mtambazi je? Hizo pia zingemfikia Solange, maana meya ana mke, na mke wa meya hununua mkate pale pale wanaponunua wote. Kesho asubuhi kijiji kizima kingejua kwamba Rappenfels imeuawa na waliokuwa wanaitunza. Lakini nani hasa aliyeanza kukata, hilo walilijua wawili tu. Wageni walisimuliwa wakacheka wakaenda zao. Mtu anayekufa hafai kufa na mzigo kama huo kifuani, Fridolin alijiambia. Kama lazima awepo wa kulaumiwa, na awe yeye. Alipiga moyo konde akafungua mlango.

Solange alikuwa kwenye kiti chake, amevaa viatu vyake vya mlimani. Muuguzi, Agathe, alikuwa amemvisha asubuhi, kwa shida, maana miguu ilikuwa imevimba. Solange alitaka kuvizoea kabla ya Jumapili.

"Umechelewa. Huyo mhandisi ni mrembo nini?"

"Si haba."

"Alikutazama?"

"Alitazama ukuta."

"Basi hana macho. Haya, kasemaje?"

Fridolin alivuta kigoda akaketi mbele yake. Alimweleza kwamba pamefungwa, na Jumapili haipo. Solange hakulia. Aliuliza kama hata langoni hawezi kufika, na Fridolin akamwambia hata langoni.

"Lakini kwa nini? Ukuta ule ulikuwa imara. Ulikuwa imara siku zote."

"Ni mizizi ya mtambazi. Ndiyo iliyokuwa inaushika. Imeoza."

Aliona midomo ya mkewe ikichezacheza, ikianza kurudi kwenye siku ile, naye akawahi kabla haijafika. "Ni mimi, Solange. Mimi ndiye niliyeukata. Kosa ni langu, nisamehe."

Alikuwa amejiandaa kwa jibu la mkewe. Angemwambia aache upuuzi, msumeno nani aliushika? Naye angebisha, na Solange angembishia, wangegombania lile kosa kama walivyokuwa wakigombania kipande cha mwisho cha keki, mpaka wachoke, na labda walie pamoja. Hata hilo lingekuwa kitu.

Solange alimtazama muda mrefu.

"Nilikwambia," alisema.

"Uliniambia nini?"

"Nilikwambia uuache. Nilisimama pale pale nikakwambia, Fridolin, mtambazi huu umekuwepo hapa kabla ya babu zetu. Ukanicheka. Ukachukua msumeno."

Fridolin alitazama pembe ya mdomo wake, mahali palipokuwa pakicheza kila alipomtania. Hapakucheza. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya kweli, ya mtu anayeiona siku ile mbele yake, waziwazi, kama alivyoisema.

"Miaka yote hii nimenyamaza," Solange alisema. "Nikawa nawachekesha wageni, nasema ni mimi, nakusitiri wewe."

Fridolin alifungua mdomo amsahihishe. Neno moja tu lingetosha kumrudisha mkewe kwenye ukweli, na neno hilo lingemuua kabla ya siku yake. Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja anayejua ilivyokuwa, na hakuwa na wa kumwambia.

"Ndiyo," alisema. "Ulinisitiri."

Aliinama afungue kamba za viatu, maana miguu ilionekana kubanwa. Solange aliirudisha nyuma chini ya kiti.

"Usiniguse. Mwite Agathe."

"Agathe anakuja kesho asubuhi."

"Basi nitamngoja hivi hivi."

Alimngoja hivyo hivyo, na viatu vyake miguuni, uso ameugeuzia upande mwingine. Fridolin alihamia jikoni akaacha mlango wazi, asije mkewe akaanguka yeye asisikie.